Medali za babu zina jina, za baba hazina

Msomaji mmoja wa Kitui ameniandikia hivi (barua yake nimeifupisha):

"Mama alipofariki aliniachia kopo la biskuti lenye medali saba. Ni za babu yangu na za baba yangu, wote wawili walikuwa askari wa Keya. Babu alipigana vita vya Mjerumani. Baba alikwenda Habeshi, kisha Burma. Zimechanganyika. Mbili zina maandishi ukingoni, ingawa jina la babu limekosewa. Tano hazina jina kabisa, na mnunuzi wa vitu vya kale ametuambia hizo ni za bandia, ila atatusaidia kuzichukua zote kwa bei ya fedha. Kaka zangu wanataka tugawane, na mmoja ameshanunua dawa ya kung'arisha shaba. Karatasi za baba ziliungua na nyumba, lakini namba yake ya jeshi tunaijua sote, alikuwa akiitamka kama wimbo. Tufanyeje? Na je, walipewa hizi kwa ushujaa? Chini ya kopo mna pia jani dogo la shaba, pambo tu nadhani. Nilitupe?"

Dada yangu,

Kabla hujasoma zaidi, mpigie simu kaka yako mwenye hiyo dawa, umwambie asiguse medali hata moja. Mengine nitakayoeleza yanaweza kungoja wiki au mwezi. Hilo haliwezi, na sababu utaiona tukifika kwenye ukingo wa medali ya babu. Jani nalo usilitupe. Lifunge kwenye karatasi safi, uliweke mahali pake peke yake. Nitalirudia mwishoni.

Nianze na mnunuzi. Medali za baba yako hazikosi jina kwa sababu ni za bandia. Zilitoka hivyo kiwandani. Baada ya vita vya Mjerumani, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilipiga chapa kwenye kila medali namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake. Baada ya vita vya Hitla, yaani vya Pili, zilipohitajika medali kwa mamilioni, ikaamua nyota na medali za kushiriki vita zitolewe bila maandishi ya mtu. Afrika Kusini na Australia ziliwaandikia askari wao majina. Uingereza haikuandika, na Keya, yaani jeshi la King's African Rifles (K.A.R.), ilikuwa chini ya Uingereza. Kwa hiyo kijana aliyetoka Kitui na kijana aliyetoka Manchester walipewa nyota zilezile tupu. Mnunuzi anayeijua kazi yake analijua hili. Kama halijui, hafai kukupangia bei. Kama analijua na bado amekuambia ni bandia, basi mfungie mlango.

Sasa tandaza kitambaa cheupe cha pamba mezani, mchana, karibu na dirisha, tuzipange.

Tafuta kwanza ile ya duara ya fedha, yenye upana wa milimita 36. Upande mmoja mna kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mna mtu uchi juu ya farasi, na farasi anakanyaga ngao yenye tai, na fuvu la kichwa. Hiyo ni Medali ya Vita ya Uingereza. Mwenzake ni ile ya rangi ya dhahabu iliyofifia, yenye mwanamke mwenye mabawa. Hiyo ni Medali ya Ushindi, na utepe wake, kama umesalia, una rangi za upinde wa mvua. Hizo mbili ni za babu.

Ishike ile ya fedha kwa ncha za vidole, funga pazia, washa tochi ya simu uilaze ubavuni ili mwanga upite sambamba na ukingo. Herufi zitasimama zenyewe. Umeniambia unaona namba, cheo, jina lenye herufi iliyokosewa, kisha tarakimu 3, mkwaju (/), na K.A.R. Tarakimu hiyo ni ya Keya ya Tatu, iliyokuwa ikiandikisha askari wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo. Vita vilipoanza mwaka 1914 Keya yote ilikuwa na vikosi vitatu tu: cha Kwanza, cha Tatu na cha Nne. Vilipokwisha vilikuwa 22, vyenye askari zaidi ya 30,000. Wengi waliandikwa mwaka 1917, wakati Waingereza walipoona kwamba askari waliowaleta kutoka nje wanamalizwa na malaria na kuhara damu, na kwamba wa kumfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusini ni Waafrika. Keya ilipigana hadi Mahiwa, upande wa Lindi, Oktoba 1917, ikavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na haikupumzika mpaka Wajerumani waliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, tarehe 25 Novemba 1918.

Jina lililokosewa lisikusumbue. Karani aliandika alivyosikia, na alisikia kwa sikio la Kiingereza. Sijawahi kuona familia ya askari wa Keya ambayo jina la mzee wao limeandikwa ukingoni sawasawa na wanavyolitamka nyumbani. Tazama namba. Kama namba iliyo kwenye medali ya fedha ndiyo iliyo kwenye ile ya mwanamke mwenye mabawa, basi zote mbili ni za mtu mmoja, na mtu huyo ni babu yako hata kama herufi tatu zingekosewa.

Huenda mtu atakuambia kuna ya tatu imeibiwa, kwa kuwa amesikia askari wa vita vile walipewa "tatu tatu". Ya tatu ni nyota ya shaba yenye panga mbili zilizopishana, waliyopewa walioingia vitani kabla ya mwaka 1915 kwisha. Babu yako kama aliandikwa baada ya hapo, hakustahili kuipata. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa ajili ya nyota ambayo haikuwahi kuwapo, kwa hiyo nakuomba uwaeleze hili wazi.

Nikae kidogo kwenye ukingo huo, maana ndio moyo wa jambo lenyewe. Hapa Afrika Mashariki vita vile viliua wapagazi wengi kuliko askari. Walibeba risasi na unga kutoka reli hadi porini, wakafa kwa njaa, homa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba jina la jeshi lao hadi leo. Sanamu ya Nairobi, ile ya barabara ya Kenyatta, inawaita miguu na mikono ya jeshi. Lakini majina yao hayamo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita vile, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Ukiujua ukubwa wa ukimya huo, ndipo unapoelewa una nini mkononi. Kwenye ukingo usiozidi upana wa kijiti cha kiberiti limeandikwa jina la mtu wa Kitui, namba yake na kikosi chake, na serikali iliyomtuma ndiyo iliyoliandika.

Dawa ya kung'arisha ni unga wa kusugua ndani ya mafuta. Kila ukisugua unaondoa tabaka la madini. Fedha ni laini, na chapa ya ukingoni haina kina. Nimeshika medali ya Keya iliyosuguliwa kila sikukuu kwa miaka hamsini, na mwenyewe alikuwa amefanya hivyo kwa upendo mtupu. Kichwa cha mfalme kilikuwa kimekuwa kama yai, na ukingoni zilibaki herufi mbili. Weusi ulio juu ya fedha ya babu yako hauli kitu. Uache.

Tuje kwa baba. Utaona nyota tatu za pembe sita, zote za umbo moja na madini yaleyale ya manjano, na katikati mna herufi za mfalme na taji. Maandishi yanayozunguka yatakutajia kila nyota jina lake: ya 1939–1945, ya Afrika, na ya Burma. Kisha kuna mbili za duara, nyeupe lakini si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Yenye simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili ni Medali ya Vita, iliyotolewa kwa yeyote aliyetumikia siku 28. Yenye simba wawili na taji juu ya kisiki ni Medali ya Ulinzi.

Zinalingana na safari aliyowasimulia. Nyota ya Afrika ndiyo ya Habeshi. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na majeshi yaliyotoka Kenya yakavuka jangwa, yakachukua Kismayu na Mogadishu Februari 1941 na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Utepe wake una rangi ya mchanga, na mstari mwekundu katikati. Nyota ya Burma ndiyo ya Mjapani. Kama alikuwa na beji ya kichwa cha kifaru begani, alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944, kwenye tope ambalo hata nyumbu walizama, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Pale lilijengwa daraja juu ya mto Chindwin lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Mzee akisema "Burma ni matope", alikuwa haongezi chumvi.

Zipange hivi, kutoka kushoto kwako unapozitazama: ya 1939–1945, ya Afrika, ya Burma, ya Ulinzi, ya Vita. Za babu zikae peke yake, ya fedha kwanza. Siku mkitaka kuzivaa, kwa mfano Jumapili ya kumbukumbu ya Novemba katika makaburi ya vita pale Ngong Road, desturi ni kwamba mwenyewe huvaa kifua cha kushoto na wanawe huvaa kulia.

Kuhusu kugawana. Miaka kadhaa iliyopita, katika soko moja la mitumba, nilikuta Nyota ya Burma imelazwa juu ya gunia, katikati ya kufuli zisizo na funguo na vijiko vya bati. Utepe ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Nilimwuliza muuzaji ni ya nani. Akasema, "Ya mzee mmoja." Niliinunua, na ninayo mpaka sasa. Nimeigeuza mara nyingi mno, na nyuma yake pako laini, hapana kitu. Mtu aliyelala kwenye tope lile, akarudi nyumbani, akaitunza nyota yake mpaka kufa, hakuna tena awezaye kumtaja.

Medali za babu yako zinaweza kupotea miaka mia, na bado atakayeziokota atasoma jina. Za baba haziwezi. Kinachozifanya kuwa zake ni kukaa pamoja, zote tano, na kuwapo kwenu mnaojua. Kaka yako mmoja akichukua ya Afrika na mwingine ya Burma, baada ya mazishi mawili zitakuwa vipande vya chuma. Kwa hiyo msigawane. Chagueni mtunzaji mmoja, awe yule mwenye nyumba kavu na mtoto anayeuliza maswali, haijalishi ni mkubwa au mdogo, mume au mke. Wengine wapigiwe picha nzuri, na anayetaka kitu cha kuvaa anunue nakala.

Na leo usiku, kabla ya kulala, chukua karatasi na kalamu ya wino. Andika jina kamili la baba kwa namna mnavyolitamka, kijiji chake, jina la baba yake, na namba yake ya jeshi. Hiyo namba aliyokuwa akiimba ni hazina. Askari alifundishwa kuitamka hata akiamshwa usiku wa manane, na wengi hawakuisahau mpaka siku ya mwisho. Andika kila alichosimulia, hata kile mnachokiona kidogo: jina la afisa, la rafiki, la meli, chakula alichokataa kula tangu arudi. Andika na nani alikuwapo akisimulia. Kisha nyote mweke sahihi na tarehe. Piga picha ya medali zikiwa juu ya karatasi hiyo, ili maandishi na vitu vionekane katika fremu moja. Karatasi hiyo ndiyo ukingo wa medali za baba yenu.

Utunzaji wenyewe si kazi kubwa. Ziviringishe kila moja peke yake kwenye pamba iliyofuliwa na isiyo na wanga, zisigongane. Usitumie mifuko laini ya plastiki, huacha ute wa kijani juu ya shaba. Tupia vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Tepe zilizooza usizitupe na usizibadilishe kwa mpya. Ukitaka mpya za kuvalia, nunua, lakini za zamani zikae koponi. Kopo lenyewe pia lihifadhi.

Bei ya fedha aliyowatajia mnunuzi ni ya kuyeyushia. Medali ile ina takriban aunsi moja, na bei ya fedha ilipopanda sana karibu na mwaka 1980, maelfu kwa maelfu ziliingia tanurini na majina yake. Wakusanyaji hawalipii uzito, hulipia jina na kikosi, na za askari Waafrika wa Keya si nyingi sokoni. Sikushauri uuze. Nakuambia tu usije ukauza jina la babu yako kwa mizani ya sonara. Mkifikiria makumbusho, kopesheni kwa maandishi, msitoe, na mhakikishe ile karatasi inaingia kwenye rejista pamoja na medali. Niliwahi kufunguliwa droo ya makumbusho fulani, nikaonyeshwa nyota kumi na moja zenye kibandiko kimoja: "askari".

Sasa swali lako la ushujaa. Zote saba ni medali za kushiriki. Zilitolewa kwa aliyekuwapo, mwenye bahati na asiye na bahati, jasiri na mwoga. Hilo halipunguzi kitu. Kuwapo Kabaw mwaka ule kulitosha. Ushujaa ulikuwa na medali zake, kama ile ya fedha iitwayo Medali ya Kijeshi, na hizo ziliandikwa jina ukingoni hata katika vita vya Hitla. Kwenye kopo lako haimo.

Lakini lipo jani.

Umelieleza kuwa ni jani moja, la shaba, lenye ukingo wa mawimbi, na nyuma lina vijiti viwili vyembamba. Hilo si pambo, dada. Ni jani la mwaloni. Lilipewa askari ambaye kamanda wake alimtaja kwa jina katika taarifa yake rasmi kwa sababu ya jambo alilolifanya. Katika vita vya babu yako alama hiyo ilikuwa tawi lenye majani kadhaa, ikibandikwa kwenye utepe wa Medali ya Ushindi. Jani moja ni la vita vya baba, na mahali pake ni kwenye utepe wa Medali ya Vita, ule wa mistari myekundu, buluu na myeupe.

Kwa hiyo chukua medali yenye simba na joka. Kama utepe wake upo, uinue mbele ya dirisha, bila kuuvuta, utafute matundu mawili madogo karibu karibu, huenda yana doa la kijani. Pima nafasi kati yake kwa rula, kisha pima nafasi kati ya vijiti vya jani.

Zikilingana, majina ya waliotajwa yalichapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, na matoleo yake ya zamani yanasomwa bure mtandaoni. Usitafute kwa jina, karani atakuwa amelikosea tena. Anza na matoleo ya 1941 hadi 1946, orodha za King's African Rifles, ukiwa na ile namba ya wimbo mkononi. Ukikwama, niandikie na unitumie picha ya utepe. Nitatafuta pamoja nawe.